NYUMBA NA ELIMU: Kompyuta Kuukuu na Mfumo Usiouzwa



Mwezi huu twalijibu suali la bibi mmoja mkaazi wa Tanga, ambaye jina lake twalihifadhi kwa heshima yake. Asema kwamba mumewe yuko kazini Muscat, na mwaka 2017 aliwaletea watoto kompyuta ya kupakata. Tangu siku hiyo mashine ile imekuwa mali ya nyumba nzima. Yeye mwenyewe huandika humo hesabu za ushonaji wake, pamoja na daftari la kikoba cha wanawake 12 ambao amana yao iko mikononi mwake. Binti yake wa kidato cha nne husomea humo. Na picha za marehemu mama yake, ambazo hazimo mahali pengine popote, zimo humo. Sasa kompyuta yamwambia ya kwamba Windows 10 haihudumiwi tena. Fundi wa mtaani amempa moja katika mawili: ama anunue mpya, ama amlipe yeye aitie Windows 11 "kwa mlango wa nyuma". Kijana wake aliye chuoni asema yote hayo hayana haja. Yeye ataitia Linux kwa usiku mmoja, bure. Bibi auliza: "Nimfuate nani? Maana nikikosea, si mashine tu itakayopotea."

Suali hili si la nyumba moja. Kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, na nyingine zililetwa na jamaa walioko Arabuni au Ulaya. Umri wake ni mkubwa, na wenyewe hawana fedha ya kununua mpya kila wauzaji wapendapo. Kwa hiyo twaomba bibi mwulizaji atuwie radhi tukirefusha jawabu, ili na wengine wapate faida.

Kwanza yapasa tujue mfumo endeshi ni kitu gani. Kompyuta ni kama jahazi. Lina mbao, tanga, usukani na mabaharia. Lakini vyote hivyo havifiki popote pasipo nahodha wa kuvipanga. Mfumo endeshi ndio nahodha huyo. Ndio unaopokea herufi unayoibonyeza, ukaipeleka penye kioo. Ndio unaojua faili lako limewekwa wapi katika diski. Ndio unaoigawia kila programu sehemu yake ya kumbukumbu ili zisigombane. Windows ni mfumo endeshi. Linux nayo ni mfumo endeshi. Jahazi ni lile lile. Abadilikaye ni nahodha.

Na maana ya kusema kwamba Windows 10 haihudumiwi ni hii. Mfumo huo ulitolewa na kampuni ya Microsoft mwezi wa Julai 2015, na huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikufa siku hiyo. Itawaka na kufanya kazi kama jana. Kilichokoma ni kuzibwa kwa nyufa. Kila mfumo huonekana nyufa mpya mwezi baada ya mwezi, na wezi wa mitandaoni huzipekua. Mwenye nyumba anayeziba nyufa zake hukaa salama. Aliyeacha kuziba, mlango wake wasimama leo na kesho, lakini kila mwezi upitao wezi wamjua zaidi. Kampuni yenyewe ilitangaza nafasi ya kuongezewa mwaka mmoja kwa masharti yake, yaani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hiyo ni muhula tu, wala si dawa.

Mtu atasema: basi na tupande Windows 11. Hapo ndipo penye mkwamo. Mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, wataka kompyuta iwe na kijisanduku cha ulinzi kiitwacho TPM cha namba 2.0, na kichakato kilicho katika orodha ya kampuni. Na nyingi katika zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazimo katika orodha hiyo. Mashine yaweza kuwa nzima, yasoma na kuandika, lakini yakataliwa mlangoni kwa umri wake.

Ama huo "mlango wa nyuma" alioutaja fundi, upo. Na mafundi wengi waujua. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta iliyoingizwa hivyo haina haki ya kutegemea matengenezo. Basi utakuwa umelipa fedha ili urudi pale pale ulipokuwa, huna uhakika wa nyufa kuzibwa. Na kuna lililo baya zaidi. Aghlabu ya mafundi wa namna hii hawaleti nakala iliyonunuliwa. Huleta nakala ya wizi, na ili ikubali kufunguka huitia kijiprogramu cha kuvunjia kufuli. Kijiprogramu hicho kimetengenezwa na mtu usiyemjua, nawe wampa funguo zote za nyumba siku ya kwanza. Mara ngapi kimeleta virusi vya kuiba maneno ya siri! Na hata kisipoleta, kutumia kazi ya mtu pasipo ridhaa yake ni jambo ambalo hatupendi liingie katika hesabu za nyumba iliyotunza amana ya wanawake 12.

Sasa tuje kwenye Linux, ambayo kijana ameitaja. Wengi wetu huisikia kama jina la kitu cha wataalamu peke yao. Lakini kila mwenye simu ya Android, naye yumo. Kwani kiini cha Android ni Linux hiyo hiyo. Na tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zaendeshwa nayo. Kilicho kigeni kwetu ni kuiona juu ya meza ya nyumbani.

Chanzo chake ni watu wawili waliokuwa mbalimbali. Wa kwanza ni Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mwezi wa Septemba 1983 kwamba atatengeneza mfumo mzima, aliouita GNU, ambao kila mtu atakuwa na ruhusa ya kuutumia apendavyo, kuuchungua ndani yake, kuurekebisha, na kuwagawia wenziwe. Ruhusa hizo akaziandikia hati ya kisheria, iliyotoka 1989, yenye sharti moja zito: atakayempa mwenziwe programu hiyo, ampe pamoja na ruhusa zile zile, wala asizifungie kwake. Wa pili ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Finland. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia wenziwe kwamba anatengeneza mfumo mdogo kwa ajili ya kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Mwaka 1992 akauweka chini ya hati ile ya Stallman. Kiini cha huyu kikakutana na programu za yule, na maelfu ya watu wa nchi nyingi wakaongeza mikono yao.

Programu za namna hii kwa Kiswahili twaziita programu huria. Nataka msomaji aelewe neno hili vizuri: uhuria wake si wa bei. Ni kweli kwamba nyingi hupatikana bure, lakini asili ya jambo ni kwamba mapishi yako wazi. Aliyenunua chakula kilichopikwa hajui kilichomo. Aliyepewa na mapishi yake aweza kukikagua, akapunguza chumvi, akawafundisha jirani. Na fundi ana haki ya kukutoza ujira wa kazi yake ya kuitia. Asilokuwa na haki nalo ni kukuuzia kana kwamba leseni ni mali yake.

Kwa kuwa mapishi yako wazi, watu wengi wamejifungia vyungu vyao, na ndiyo sababu msomaji atasikia majina mengi ya Linux. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la kusini ambalo ni ndugu wa neno letu "utu". Juu ya msingi wa Ubuntu, mwaka 2006 Clément Lefèbvre akaanza Linux Mint, nayo ndiyo twaiona inafaa zaidi kwa nyumba iliyozoea Windows. Kwa maana orodha ya programu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na madirisha yafungwa kwa alama ile ile ya pembeni. Toleo lake la 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa matengenezo hadi 2029. Lahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ndiyo raha, na nafasi ya gigabaiti 20 katika diski. Kompyuta ya mwaka 2017 hayo inayo. Na kwa iliyo dhaifu zaidi, kuna sura yake nyepesi iitwayo Xfce.

Wala watu wetu hawakuwa watazamaji tu katika jambo hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya kuandikia barua na hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyeomba idhini ya kampuni yoyote kuifanya, kwa kuwa ruhusa ilikwisha kuandikwa katika hati. Hilo ndilo tunda la mapishi kuwa wazi: lugha isiyokuwa na soko kubwa yaweza kujihudumia kwa mikono ya wenyewe.

Lakini si insafu kusifu upande mmoja. Yapasa bibi mwulizaji ajue atakachokikosa.

Microsoft Office ya Windows haitiwi katika Linux kwa njia ya kawaida. Badala yake kuna LibreOffice, iliyozaliwa 2010 kutokana na ile OpenOffice. Hufungua barua na majedwali yaliyoandikwa kwa Word na Excel, na huyahifadhi kwa umbo hilo hilo. Illa mara nyingine mistari huhama kidogo, ukurasa wa pili ukaanza mapema, au herufi fulani zikabadilika sura. Majedwali yenye hesabu za kawaida hayana taabu. Yale yaliyotiwa amri za kujiendesha zenyewe huweza kukataa. Photoshop haina nakala ya Linux, wala AutoCAD haina. Basi mwanafunzi wa uhandisi ambaye mwalimu wake amlazimisha AutoCAD asiharakishe kuiaga Windows. Baadhi ya michezo ya kushindana kwa mtandao nayo haikubali. Printa nyingi hutambuliwa zenyewe, lakini si zote, na skana ndizo zenye ukaidi zaidi. Na tafsiri ya Kiswahili haijakamilika kila mahali, hivyo watu wa nyumbani watakutana na Kiingereza kama walivyokizoea.

Ama mambo yanayotumiwa na nyumba nyingi, yaani kusoma khabari kwa Firefox, barua pepe, WhatsApp ya kwenye kioo kikubwa, kutazama masomo ya video, mikutano ya Zoom, kusikiliza visomo, na kuandika, hayo yote yapo. Na mwenye kuandika Kiarabu, kama sisi tunaotunga mitihani ya madrasa, ataongeza kibodi ya Kiarabu katika mipangilio, na LibreOffice itaandika kutoka kulia kwenda kushoto bila kununua chochote.

Kuna kisa kimoja nataka tukizingatie kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe. Mji wa München, huko Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamisha ofisi zake kwenda Linux, na kufikia 2013 kompyuta zaidi ya 14,000 zilikuwa zimehama. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2017 baraza la mji likapiga kura ya kurudi Windows. Mashine zilikuwa zikiwaka. Lakini miongoni mwa watumishi walikuwapo waliolalamika kwamba nyaraka za ofisi nyingine haziwiani na zao, na programu walizozihitaji hazikuwapo. Na wakubwa wapya nao walikuwa na rai nyingine. Kinyume chao, polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza polepole mwaka 2005 kwa kubadilisha kwanza programu za kuandikia na za mtandao, watu wakazizoea wakiwa bado juu ya Windows. Ndipo mwaka 2008 wakaanza kubadilisha mfumo wenyewe, nao wakadumu. Funzo la nyumba ni lile lile. Mfumo hubadilishwa kwa saa moja; mazoea ya watu hayabadilishwi kwa saa moja.

Sasa twaeleza njia, hatua kwa hatua, na kila hatua ina sababu yake.

Hatua ya kwanza ni kunakili, na hii ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Picha, hesabu, daftari la kikoba na kazi za shule vinakiliwe katika diski ya nje, kisha vinakiliwe mara ya pili mahali pengine, kama vile diski ya jamaa au hifadhi ya mtandaoni. Kisha nakala hizo zifunguliwe katika kompyuta nyingine, faili baada ya faili, ionekane kwamba zafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni dhana, si nakala. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari nayo yaandikwe pembeni. Na kama diski ya Windows imefungwa kwa kufuli iitwayo BitLocker, ufunguo wake wa tarakimu 48 utafutwe na uandikwe kabla ya kugusa jambo lolote.

Hatua ya pili ni kuzoea wakati nahodha wa zamani bado yupo. LibreOffice na Firefox hutiwa hata ndani ya Windows. Bibi na azitumie wiki mbili au tatu. Afungue hesabu zake kwa LibreOffice, alinganishe jumla ya kila mwezi na ile iliyo katika daftari la karatasi. Jumla zikiwiana, amevuka kizuizi kikubwa. Zisipowiana, amejua mapema, naye hajapoteza kitu.

Hatua ya tatu ni kupata mfumo wenyewe. Faili la Linux Mint lina ukubwa wa karibu gigabaiti 3, basi tafuta bando la kutosha au mtandao wa chuo. Lichukuliwe katika tovuti ya Linux Mint yenyewe, si kwa mtu aliyelipitisha kwa simu. Kisha lihakikiwe: tovuti hutoa alama ya herufi na tarakimu 64, na kompyuta yako yaweza kulihesabu faili ulilonalo ikakupa alama yake. Alama zikilingana zote, faili ni zima na halikuchezewa. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, lifute ulichukue upya.

Hatua ya nne, faili hilo liandikwe katika flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama unavyonakili wimbo hakutoshi, kwa sababu kompyuta haitaweza kuwakia humo. Na ijulikane kwamba kuandika huko hufuta kila kilichomo katika flashi.

Hatua ya tano ni kujaribu bila kutia. Zima kompyuta kabisa. Na katika Windows, kuzima kabisa ni kubonyeza kitufe cha Shift huku ukichagua kuzima, maana kuzima kwa kawaida aghlabu huiacha nusu usingizini. Chomeka flashi, washa, na mara moja ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa mashine nyingine ni F12, nyingine F9 au Esc. Linux Mint itafunguka kutoka katika flashi, na diski ya ndani haitaguswa. Hapo jaribu kila kitu: mtandao usio na waya, sauti, kamera, printa, na kuamka baada ya usingizi. Itakuwa nzito kidogo, kwani flashi haina kasi ya diski. Likikataa jambo la lazima, zima, chomoa flashi, na Windows itarudi kama ilivyokuwa.

Hatua ya sita ni kuitia. Programu ya kutilia itauliza: je, Linux ikae ubavuni mwa Windows, au diski yote ifutwe? Hili ndilo suali la hatari kuliko yote. Kwa nyumba ya bibi mwulizaji, na ichaguliwe kukaa ubavuni, ikiwa diski ina nafasi. Kila kompyuta iwashwapo itauliza nahodha yupi aongoze. Miezi miwili au mitatu ikipita pasipo mtu kuihitaji Windows, ndipo watazame kama waiondoe. Katika muda huo Windows isitumiwe kwa mambo ya fedha wala barua, kwani nyufa zake hazizibwi.

Hatua ya saba ni malezi ya mfumo. Kila mtu wa nyumbani afunguliwe akaunti yake, na neno la siri la usimamizi liwe kwa mzazi pamoja na mtu mzima mmoja mwingine, liandikwe na kuwekwa panapofungwa. Programu zichukuliwe katika ghala ya Linux Mint yenyewe, si kila mahali panapong'aa. Ngao ndogo ya matengenezo ikionyesha alama, ibonyezwe wala isiahirishwe. Na iwashwe programu iitwayo Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo ili ukiharibika urudishwe siku ya nyuma. Lakini itambulikane kwamba Timeshift kwa desturi yake hailindi picha zenu wala hesabu zenu. Hizo zataka nakala ya nje kila mwezi, vile vile kama zamani.

Wala mtu asidanganyike kwamba Linux ni hirizi. Virusi vilivyotengenezwa kwa ajili yake majumbani ni vichache kuliko vya Windows, lakini tapeli anayekupigia simu akuombe neno la siri haulizi unatumia mfumo gani. Mfumo huziba nyufa za ukuta. Mlango aufunguao mwenyewe mwenye nyumba hauzibwi na mfumo wowote.

Sasa, bibi mwulizaji, hili ndilo jawabu letu.

Usimfuate fundi katika mlango wa nyuma. Usinunue mpya ilhali iliyopo ni nzima na kazi zako ni hesabu, masomo na picha. Mfuate mwanao katika rai yake, lakini usimfuate katika usiku wake mmoja. Mwambie hivi: "Mwanangu, kwanza nakala mbili za picha za bibi yako, nizione kwa macho yangu zikifunguka. Pili, hesabu za kikoba ziwiane. Tatu, dada yako afanye kazi yake ya shule kwa mfumo huo kutoka katika flashi siku mbili tatu, aseme mwenyewe. Kisha uitie ubavuni mwa Windows." Na kwa kuwa binti yuko kidato cha nne, kazi hii isifanywe katika wiki za mtihani, ifanywe wakati wa likizo. Baba yao huko Muscat naye aandikiwe na aulizwe, kwani mashine ni zawadi yake, na kushauriana hakujapunguza cheo cha mtu.

Wale wanawake 12 nao wana haki katika jambo hili. Daftari lao likinakiliwa, bibi awape khabari, na ikiwezekana jumla za kila mmoja zichapwe katika karatasi kabla ya kazi kuanza. Amana haifichwi katika mashine moja ambayo mtu mmoja ndiye ajuaye namna ya kuifungua.

Nanyi vijana wetu, tuna neno kwenu pia. Twafurahi kuwaona mna elimu hii, na wazazi wengi hawana mwalimu mwingine isipokuwa ninyi. Lakini atakayeibadilisha kompyuta ya mama yake amejitwika kazi ambayo haimaliziki pale kioo kinapong'aa. Akwambiapo siku ya tatu kwamba printa imekataa, usimwambie ni rahisi. Keti naye umwonyeshe, kisha umwache afanye mwenyewe mbele yako. Andika katika daftari, kwa Kiswahili chake, namna ya kuhifadhi, kuchapa na kunakili. Siku utakayorudi chuoni daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ustadi wako wote, kwa kuwa wewe utakuwa mbali, na hesabu za mwisho wa mwezi hazikungoji.

Na mkiwa na nafasi, rudisheni fadhila. Kazi hii iliyowafikia bure ilifanywa na watu waliokesha. Anayejua Kiswahili kizuri na Kiingereza cha kutosha aweza kusaidia kutafsiri LibreOffice au Linux Mint, sentensi kumi kwa siku, na kazi yake ikaingia katika majumba ambayo hatayaona. Watangulizi wenu wa Dar es Salaam walionyesha mwaka 2004 kwamba jambo hilo hufanyika.

Mwezi ujao, Inshallah, tutajibu suali la mzee mmoja kuhusu watoto na simu za mkononi wakati wa usiku. Wenye masuali mengine na watuandikie, kwa maneno machache na mwandiko ulio wazi.